Nani Alichota Maji ya Ngome?

Vitabu vya watoto vinavyofika shule za Kasulu na Kibondo, vingi vikiwa vimetoka katika misaada ya vitabu vya Kiingereza, huwa na picha ya ngome inayofanana karibu kila kimoja: minara ya mawe, handaki la maji, daraja la kunyanyuliwa kwa minyororo, na mpiganaji aliyevaa deraya juu ya farasi. Mtoto huitazama, huipenda, huichora kwenye daftari, kisha hufunga kitabu akiwa na hakika kwamba mambo hayo yalikuwa ya watu wengine, na kwamba kwao hapakuwahi kuwa na kitu cha namna hiyo. Mwalimu mwenye bidii humwongezea Fort Jesus ya Mombasa au magofu ya Kilwa Kisiwani. Hilo ni jema, lakini kwa mtoto wa Makere au Mabamba pwani nayo ni mbali. Yote niliyojifunza katika kufundisha historia kwenye milima hii yamenifikisha kwenye hoja moja, kwamba tunakosea mahali pa kuanzia. Tunaanza na ukuta. Anayeanza na ukuta hana cha kumwonyesha mtoto wa Buha, nchi ya Waha, kwa sababu wafalme wa Buha hawakujenga kwa mawe. Anayeanza na watu waliokaa nyuma ya ukuta, akauliza walikula nini, nani aliwalimia, nani aliamua kesi zao na nani aliwachotea maji, atagundua kwamba mtoto wa Kasulu ana njia fupi ya kuyaelewa maisha ya ngome za kale kuliko mtoto wa London anayepelekwa kuzitembelea kwa basi la shule.

Tuitazame kwanza ngome yenyewe, ile ya picha. Mwaka 1283 Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, alianza kujenga ngome ya Conwy huko Wales, yenye minara minane mikubwa, na leo ni miongoni mwa zile zinazochorwa zaidi vitabuni. Hati ya mwaka uliofuata inataja watu waliopaswa kuilinda: walikuwa 30 tu. Nusu yao walikuwa wapiga mishale. Waliobaki walikuwa padri, fundi wa silaha, mwashi, seremala, mhunzi, na wengine kumi wa kukaa malangoni na kukesha zamu. Mtoto aliyezoea kufikiri kwamba ngome ilijaa maelfu ya askari hushangaa, na mshangao huo ndio mwanzo wa somo. Kwa siku nyingi za mwaka ngome haikupigana na mtu yeyote. Ilikuwa ghala la nafaka, ofisi ya kodi, mahakama, gereza, nyumba ya ibada na nyumba ya kulala. Ilikula kila siku, na chakula hicho kililimwa na watu ambao hawakulala ndani yake. Pwani yetu mambo hayakuwa tofauti sana. Husuni Kubwa ya Kilwa, iliyojengwa katika karne ya 14 chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, bwawa la kuogea lenye pembe nane, na nyua ambazo wachunguzi wa mambo ya kale wanaona zilitumika kwa biashara. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na alichokiona kinafaa kuandikwa juu ya sultani huyo ni ukarimu wake: jinsi alivyogawa mali kwa wageni na maskini, na jinsi alivyotenga fungu la mateka ya vita. Yaani msafiri aliyefika zama za sultani huyo alivutwa na mali iliyoingia na iliyotoka.

Mtu akishaiona ngome kwa jicho hilo, Buha inajaa mifano. Kabla ya ukoloni nchi hii ilikuwa na falme kadhaa. Heru, kubwa kuliko zote, ilikuwa katikati, penye Kasulu ya leo. Kaskazini palikuwa na Muhambwe, ambayo ndiyo Kibondo, na Buyungu, ambayo sasa ni Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kusini palikuwa na Luguru, Bushingo na Bujiji. Kila ufalme ulikuwa na mwami wake, na makao yake yalikuwa nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi na kuzungukwa na uzio. Humo ndani palikuwa na ngoma za ufalme, ng'ombe, wake na watoto wa mwami, watumishi, walinzi, na watu waliofika kutoka mbali wakiwa na kesi au zawadi. Chini ya mwami walikuwapo watawala wa sehemu mbalimbali, wengi wao ndugu au watoto wake, na nguvu zao zilifungwa pamoja na za wakulima kwa mkataba wa ng'ombe uitwao ubugabire. Mwenye ng'ombe wengi humpa mwingine ng'ombe wa kufuga. Mpokeaji hupata maziwa na mbolea, naye hulipa kwa kazi, utii na pombe. Msomaji wa historia ya Ulaya ya zama za kati atautambua mpango huu mara moja. Bwana wa ngome huko alitoa ardhi, na aliyeipokea akamlipa kwa utumishi. Buha ardhi haikuwa ya kutolewa na mwami peke yake, na hapa ndipo somo linaponoga. Palikuwa na wateko, wazee wa ardhi waliokuwapo kabla ya nasaba za kifalme, ambao ndio walioiombea nchi, waliogawa mashamba na kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Mwami aliwahitaji. Watoto wakishaelewa kwamba palikuwa na mtu wa pili, asiye na ngoma wala walinzi, ambaye mfalme hakuweza kutawala vizuri bila yeye, huanza kuuliza swali hilohilo juu ya ngome za mbali: huko nako, nani mwingine alikuwa na neno la kusema? Jibu lipo, yaani maaskofu, miji na watawa, lakini mtoto amelifikia kwa kutumia akili iliyonolewa nyumbani kwake.

Upande wa biashara nao haufichiki. Mto Malagarasi na chemchemi za chumvi za Uvinza, pale mto Ruchugi unapokutana nao, vilizivuta nchi zote za jirani. Uchimbuzi wa mambo ya kale umeonyesha kwamba chumvi ilichemshwa pale tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na watawala wa Uvinza walichukua fungu lao katika kila kilichopikwa. Majembe ya chuma ya Waha yaliuzwa mbali. Misafara ya pembe na watumwa ilipoongezeka katika karne ya 19, kuvuka nchi kulikuwa na bei. Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alipita katika nchi ya Waha na kudaiwa hongo. Kwa maandishi yake mwenyewe, mtawala mmoja aitwaye Mionvu alitaka doti mia moja za nguo, na baada ya mabishano wakakubaliana 75. Aliposikia kwamba mbele kuna watawala wengine wanaomngoja, alikata njia usiku kupitia porini ili asilipe tena. Stanley aliwaita wanyang'anyi. Sasa mtoto aonyeshwe ngome ya Pfalzgrafenstein, iliyojengwa kuanzia mwaka 1327 kwenye kisiwa katikati ya mto Rhine nchini Ujerumani, kwa kazi moja tu: kusimamisha majahazi na kuyatoza ushuru. Watalii huipiga picha na kuisifu kwa uzuri wake. Aulizwe tofauti ya mwenye ngome ile na Mionvu ni nini. Nimeona kwamba swali hili linafundisha mambo mawili kwa pamoja: kazi halisi ya ngome nyingi, na tahadhari anayopaswa kuwa nayo msomaji anaposoma habari za mtu aliyekuwa anadai, zikiwa zimeandikwa na mdaiwa wake.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni rahisi na lina uzito: hakuna cha kuona. Conwy ipo, mtu anaweza kuigusa. Fort Jesus ipo tangu Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593. Makao ya wami wa Heru na Muhambwe yameoza na kuwa udongo. Mtoto hufundishika kwa macho, na kumpeleka kwenye kilima kitupu kisha kumwambia hapa palikuwa na ufalme ni kumchosha. Ninakubali kwamba jiwe husaidia. Sikubali kwamba kukosekana kwa jiwe ni kukosekana kwa ngome. Baada ya William kuiteka Uingereza mwaka 1066, ngome zake za kwanza kwa sehemu kubwa zilikuwa tuta la udongo lenye uzio wa miti juu yake. Nyingi zimebaki vilima vya majani tu, na hakuna mwanahistoria anayezitoa kwenye orodha. Huko Bigo bya Mugenyi, Uganda, kilichobaki ni mahandaki yaliyochimbwa udongoni kwa urefu wa zaidi ya kilomita kumi, nayo yanahesabiwa kati ya kazi kubwa za mikono ya watu katika ukanda wa maziwa makuu. Makaburi ya Kasubi mjini Kampala, yaliyokuwa jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza tangu mwaka 1882, ni nyumba ya nyasi, na UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia mwaka 2001. Moto uliyateketeza Machi 2010, na Baganda wakayajenga upya kwa sababu koo zilizokabidhiwa kazi hiyo bado zilikuwapo na ujuzi wao bado ulikuwapo, ukoo wa Ngeye ukiwa ndio wenye kuezeka. Jengo la nyasi linadumu kwa mikono inayolirudia. Mikono ikiondolewa, linatoweka.

Katika Buha mikono iliondolewa, na hilo lenyewe ni historia inayopaswa kufundishwa. Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa sehemu za Kibondo katika miaka ya 1930 na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale. Vijana walichukuliwa kwa maelfu kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengi waliporudi walikuta wazee waliokuwa wakiwafundisha wamekwisha kufa. Kisha ikaja Operesheni Kigoma, mwaka 1972, mkoa wetu ukiwa kati ya mikoa ya kwanza nchini kuhamishwa kwa wingi kuingia vijijini kando ya barabara. Familia iliyokuwa imekaa ubavuni mwa kilima kimoja kwa vizazi, ikijua kaburi la nani liko wapi na mti ule ulipandwa zama za mwami gani, ilijikuta mahali papya pasipo na kumbukumbu. Sisemi haya kwa kuilaumu kila nia iliyokuwa nyuma ya uhamisho. Shule na zahanati nyingi tulizonazo zilitokana na kukusanyika huko. Ninasema kwamba mwalimu anayesimama Kasulu na kutangaza kuwa hapakuwa na kitu anachukua matokeo ya karne moja ya kuhamishwa na kuyafanya kuwa ukweli wa tangu zamani.

Isitoshe, makao ya wafalme katika ukanda huu yalikuwa yakihama tangu mwanzo, na sababu zake zinafundishika vizuri mno. Mwami mpya alijenga makao mapya. Nyasi huchakaa, nguzo huliwa na mchwa, malisho huisha, na kaya kubwa ya watu wanaokula bila kulima huwachosha majirani zake. Wafalme wa Ulaya ya zama za kati nao walizunguka mwaka mzima kutoka ngome moja hadi nyingine pamoja na kaya yao yote, kwa sababu ilikuwa rahisi kuwapeleka walaji kwenye chakula kuliko kukivuta chakula kwa mikokoteni, na kwa sababu jengo lililokaliwa na mamia ya watu bila mifereji ya maana lilihitaji kupumzishwa na kusafishwa. Tofauti ni kwamba wao waliacha mawe nyuma yao, na wetu waliacha miti. Katika nchi hizi za jamaa, kuanzia Rwanda hadi Burundi na kwetu, miti ya jamii ya mkuyu iliyopandwa kwenye uzio huendelea kukua baada ya nyumba kuanguka, na mzee anayejua kusoma kilima huonyesha mahali kaya ilipokuwa kwa kuangalia miti tu. Mtoto akifundishwa kusoma miti hiyo amepata ujuzi wa mchunguzi wa mambo ya kale, na bila gharama yoyote.

Nimetaja mwanzoni kwamba mtoto wa Buha ana njia fupi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndipo faida kubwa ilipo na ndipo tunapopoteza zaidi. Huko Guédelon, Ufaransa, kuna watu ambao tangu mwaka 1997 wanajenga ngome nzima kwa zana na ujuzi wa karne ya 13: wanachonga mawe kwa mkono, wanafua vyuma kwa mvukuto, wanasokota kamba, wanafinyanga vigae. Watoto wa Ulaya hupelekwa huko ili waone kwa mara ya kwanza kwamba vitu hutengenezwa na watu. Mtoto wa Kibondo hahitaji kupelekwa. Amekata nyasi za kuezekea na anajua ni mafungu mangapi yanafunika paa la jiko. Anajua kwamba nyasi hukatwa kiangazi, na kwamba ukichelewa moto wa porini hukutangulia. Amechota maji bondeni na kupanda nayo kilima. Ameona pombe ya ndizi ikiiva na anajua ni ndizi ngapi zinaingia katika mtungi mmoja. Amelala karibu na ghala la maharage na anajua mwezi ambao ghala huwa jepesi. Mtoto huyu akipewa ngome iliyozingirwa na adui, hahitaji kuelezwa kwa nini maji ni muhimu kuliko mikuki. Mpe hesabu: watu 30 wa Conwy, ndoo ngapi kwa siku, na kisima kikikauka siku ya ngapi wanafungua lango? Kisha mpe Fort Jesus, iliyozingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kuta zilisimama muda wote huo. Magonjwa na njaa ndivyo vilivyowamaliza waliokuwa ndani. Watoto wanaojua uzito wa ndoo huielewa habari hiyo hadi chini, na maswali yao huwa bora kuliko yale yaliyochapwa mwishoni mwa sura.

Na kutoka maji huja swali la nani aliyachota. Vitabu vingi vya ngome vina mfalme, mpiganaji na malkia anayeangalia dirishani. Wasichana wanaosoma hubaki dirishani naye. Ukweli una watu wengi zaidi. Nicola de la Haye aliiongoza ngome ya Lincoln ilipozingirwa mwaka 1191, akaishika tena katika vita vya 1217 akiwa mzee, na haikuanguka. Kwetu, Theresa Ntare alikalia kiti cha Heru tangu mwaka 1946, wakati ambapo machifu karibu wote wa Tanganyika walikuwa wanaume, na baadaye akaingia katika bunge la nchi. Na nyuma ya wanawake hao wawili wamo wale ambao majina yao hayakuandikwa, waliosaga, waliochota, waliofagia nyua na kukamua maziwa. Nikilazimika kuchagua, ningetaka mtoto amalize somo akiwa amewafikiria hao kabla ya kumfikiria mwenye kiti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitaki kulipita kwa haraka. Wapo wanaosema kwamba kufundisha habari za makao ya wami ni kufufua mambo yaliyozikwa kwa sababu njema. Nasaba za kifalme za Buha zilihesabiwa kuwa za Watutsi, na watu waliolima kwa ajili yao walikuwa Waha. Ng'ambo ya mpaka, Burundi na Rwanda, majina ya namna hiyo yamemwaga damu. Wilaya zetu zimepokea wakimbizi wa damu hiyo mara kadhaa: kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Burundi ilipochafuka mwaka 2015 Nduta ya Kibondo ilifunguliwa tena. Serikali ya Tanganyika huru ilifuta uchifu mwaka 1963 ili raia wote wawe sawa. Kwa nini basi tuwaweke watoto mbele ya ngoma za wafalme? Ninawaheshimu wanaouliza hivyo, na baadhi yao wameyaona yale ambayo sisi wengine tumeyasikia tu. Lakini kunyamaza hakuwaachi watoto bila historia. Huwaachia historia ya minong'ono, inayosimuliwa usiku, isiyo na mtu wa kuihoji. Mtoto aliyefundishwa jinsi ubugabire ulivyofanya kazi, nani alifaidika nao, nani aliuona mzigo, na jinsi ambavyo uhusiano wa watu ulibadilika kwa ng'ombe, ndoa na bahati, ni mgumu kudanganywa na anayekuja kumwambia kwamba damu fulani ilizaliwa kutawala na nyingine kutumikia. Wateko nao ni msaada mkubwa hapa, maana wanaonyesha kwamba hata katika kilele chake ufalme haukuwa na nguvu zote mkononi mwake. Burundi yenyewe haikuzifukia ngoma zake: ngoma ya kifalme iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu, na mahali pa ngoma pa Gishora, karibu na Gitega, bado panatembelewa.

Lipo sharti, hata hivyo, na mwalimu asiyelikubali ni afadhali asiliguse somo hili. Makao ya wafalme yasifundishwe kwa kujisifu. Wazazi wengine, na hata waandishi, wakishagundua kwamba nasi tulikuwa na falme, hugeuka na kuzipamba mpaka zinang'aa kuliko Conwy. Ngome ilikuwa nzuri kwa aliyeketi ndani na nzito kwa aliyeilisha, huko Wales na hapa Heru. Misafara iliyolipa hongo ilibeba pia watu waliofungwa shingoni, na watawala waliokaa kando ya njia walifaidika na biashara hiyo. Mirambo wa Urambo, ambaye watoto humpenda kwa ushujaa wake, alivamia nchi za jirani, Uvinza na Buha zikiwamo. Haya yote yasemwe. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza kubeba ukweli huu kama ukisemwa kwa utulivu. Asichoweza kubeba bila madhara ni sifa tupu, kwa sababu siku atakapogundua upande wa pili ataacha kumwamini aliyemfundisha.

Kuhusu wale wanaosema kwamba watoto wanataka panga na farasi, na kwamba somo la ndoo na nyasi litawachosha, nitasema machache. Watoto wapewe panga. Wasimuliwe Isike wa Unyanyembe, aliyepigana na Wajerumani ndani ya boma lake Tabora hadi Januari 1893, na lilipovunjwa akailipua baruti kuliko kushikwa mateka. Wasimuliwe Kalenga ya Mkwawa, na kuta zake zilizovunjwa na mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Ni habari za kusisimua, ni za nchi yetu, na mtoto anayezisikia baada ya kuhesabu ndoo na mafungu ya nyasi anaelewa kilichokuwa kikivunjwa: kaya, ghala, mahakama na mpango wa maisha wa watu wengi.

Linabaki pingamizi la muda na mitihani, ambalo walimu wenzangu hulitaja kwa uchovu ninaouelewa vizuri. Darasa lina watoto wengi kupita kiasi, vitabu havitoshi, na hakuna swali la mtihani juu ya Muhambwe. Lakini mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili katika shule za msingi, na mada za tawala za jadi zina nafasi humo. Mwalimu wa Kasulu anaweza kuijaza nafasi hiyo kwa mifano ya mbali iliyochapwa tayari, au kwa Heru, inayoonekana kutoka dirishani. Kazi ni kubwa kidogo mara ya kwanza tu. Na ikiwa mzee anayealikwa darasani atasema jambo linalopingana na Stanley, au wazee wawili wakapingana wenyewe, hapo somo limefanikiwa zaidi, kwa kuwa watoto wataanza kuuliza kila mmoja alisimama wapi alipoyaona aliyoyasema, na alikuwa akidaiwa nini.

Rwanda wameyajenga upya makao ya mfalme huko Nyanza, nyumba ya nyasi kwa vipimo vya zamani, na ng'ombe wa pembe ndefu wakiwa malishoni kando yake, na watoto wa shule hupita humo wakiuliza maswali. Halmashauri za Kasulu na Kibondo hazihitaji fedha za Nyanza ili kuanza. Zinahitaji kibao cha mbao penye Heru Juu, na kingine penye makao ya zamani ya Muhambwe, vyenye maelezo ya Kiswahili na Kiha. Amri ya kutoikata mikuyu iliyobaki. Na ruhusa kwa walimu wa historia kutoka na watoto asubuhi moja katika muhula. Nyasi za kuezekea nyumba moja ya msonge zipo kila kiangazi, na wazee wanaojua kuifunga nguzo yake ya kati bado wapo. Nawaomba wazazi na walimu wanaosoma haya wasiwangoje wakubwa: wachukueni watoto, pandeni nao, mkawaulize pale juu nani alichota maji na aliyapitisha njia gani.